Windows, Mac na Linux zikigoma kushea faili: tafuta tatizo kuanzia chini

Folda ikikataa kufunguka kutoka kompyuta nyingine, wengi huzima fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao), hutoa ruhusa zote kwa kila mtu na kuwasha ruta upya, vyote kwa mkupuo. Hata ikikubali, hujui ni kipi kilichosaidia, na umeacha mashine wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao. Fuata mpangilio huu badala yake: kwanza hakikisha kompyuta zinafikiana, kisha kwamba poti (mlango wenye namba ambao huduma hupitia) iko wazi, kisha kwamba jina na nywila vinakubalika, mwisho ruhusa za folda yenyewe. Usiguse ngazi ya juu kabla ya kuthibitisha iliyo chini yake.

Habari njema ni kwamba mifumo yote mitatu hutumia itifaki moja, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo SMB. Windows inayo ndani, Mac imeifanya njia yake kuu tangu OS X Mavericks ya mwaka 2013, na Linux huipata kupitia programu ya Samba. Katika mifano hapa chini, kompyuta yenye faili ina anwani 192.168.1.20, folda inaitwa Hati na mtumiaji ni asha. Weka vyako.

Zinafikiana?

Angalia anwani ya kila mashine: `ipconfig` kwenye Windows, `ip a` kwenye Linux, `ipconfig getifaddr en0` kwenye Mac (jaribu `en1` ikirudi tupu). Kwenye mtandao wa kawaida wa nyumbani au ofisi ndogo, namba tatu za mwanzo zinapaswa kufanana. Zikitofautiana, huenda mashine moja iko kwenye Wi-Fi ya wageni, na ruta nyingi hutenganisha mtandao huo na mwingine kwa makusudi. VPN iliyowashwa nayo huvuruga. Izime wakati wa kujaribu.

Usitegemee `ping`. Fayawoli ya Windows inaweza kuizuia huku faili zikipita vizuri, na `ping` ikijibu haina maana kwamba SMB inafanya kazi. Pima poti yenyewe ya SMB, 445. Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`

Kwenye Mac au Linux:

`nc -zv 192.168.1.20 445`

Jinsi jibu linavyokuja ni ushahidi pia. Likija papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, mara nyingi kompyuta ipo ila huduma ya kushea haijawashwa. Likikaa kimya hadi muda uishe, kuna fayawoli inayomeza maombi, au umekosea anwani.

Kwenye Windows chanzo kikubwa ni mtandao kuandikishwa kuwa wa umma. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika `Get-NetConnectionProfile`, na ukiona Public:

`Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private`

Jina lililo ndani ya alama za nukuu liwe lile uliloliona kwenye jibu la amri ya kwanza. Kisha washa "File and printer sharing" kwenye "Advanced sharing settings". Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, tazama `systemctl status smbd`, kisha `sudo ufw allow Samba`. Fedora, aina nyingine ya Linux, huiita huduma hiyo `smb`, na fayawoli yake hufunguliwa kwa `sudo firewall-cmd --permanent --add-service=samba`, ikifuatiwa na `sudo firewall-cmd --reload`. Kwenye Mac, nenda System Settings, General, Sharing, washa File Sharing.

Kutoonekana si kutofikika

Watu hupoteza saa nyingi wakisubiri ikoni ya kompyuta nyingine itokee kwenye orodha ya mtandao. Orodha hiyo inategemea utaratibu tofauti kabisa na ule unaobeba faili. Windows za sasa hutafutana kwa WS-Discovery, Mac hutumia Bonjour, na Samba peke yake haitangazi kwa WS-Discovery. Ndiyo maana seva (kompyuta yenye faili) ya Linux inaweza kuwa salama salimini na bado isionekane kwenye Windows. Ukitaka ionekane, weka programu ya wsdd kwenye Linux. Ili ionekane kwenye Mac, programu ya Avahi kwenye Linux hufanya kazi hiyo.

Kwa sasa andika anwani moja kwa moja. Kwenye File Explorer: `\\192.168.1.20\Hati`. Kwenye Finder bonyeza Command na K, uandike `smb://192.168.1.20/Hati`, anwani hiyo hiyo inafaa kwenye vitazama faili vingi vya Linux. Ikifunguka kwa anwani lakini si kwa jina, kushea kwenyewe hakuna kasoro; tatizo ni majina. Ingia kwenye ruta uipe seva anwani isiyobadilika, kisha endelea na kazi zako.

Utakutana na ushauri wa kurudisha SMB1, toleo la kwanza la SMB, ili kompyuta zionekane. Usifanye hivyo. Shambulio la programu hasidi ya WannaCry la Mei 2017 lilisambaa kupitia udhaifu katika toleo hilo. Windows 10 toleo la 1709, lililotoka mwaka huo huo, liliacha kuisakinisha katika usakinishaji mpya, na Samba 4.11 ya mwaka 2019 ikaizima. Kama una kifaa cha zamani kisichojua kingine, tafuta sasisho lake, au hamisha faili zake kwa njia nyingine.

Jina na nywila

Hapa ndipo mifumo inapotofautiana kweli, na ujumbe wa kosa mara nyingi haukusaidii.

Samba ina hifadhi yake ya nywila. Kuwa na akaunti kwenye Linux hakutoshi. Lazima umwongeze mtumiaji kwa `sudo smbpasswd -a asha`, na asha awe tayari yupo kwenye mfumo. Jaribu papo hapo kwenye seva: `smbclient //localhost/Hati -U asha`. NT_STATUS_LOGON_FAILURE ina maana jina au nywila vimekataliwa. NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME ina maana umeingia lakini folda yenye jina hilo haipo, au njia yake kwenye mipangilio si sahihi. NT_STATUS_ACCESS_DENIED inakupeleka kwenye ruhusa.

Kwenye Windows, PIN unayoingilia kila siku haivuki mtandao. Kama mwenye mashine anatumia akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji ni barua pepe yake yote na nywila ni ya akaunti hiyo. Akaunti isiyo na nywila kabisa hukataliwa kwenye mtandao. Kinachofanya kazi bila usumbufu ni kutengeneza akaunti ya ndani ya mashine hiyo, yenye nywila, kwa ajili ya kushea tu, kisha kuiandika ikiwa na jina la kompyuta mbele: `JINA-LA-KOMPYUTA\asha`.

Mac ina kisanduku kinachosahaulika: ndani ya File Sharing, fungua Options, tia alama jina la mtumiaji chini ya Windows File Sharing, uandike nywila yake tena. Bila hilo, Windows inaweza kuendelea kukataliwa hata nywila ikiwa sahihi.

Umerekebisha kila kitu na Windows bado inakataa? Huenda inatuma nywila ya zamani iliyoihifadhi. Andika `net use` uone miunganisho iliyopo, uikate kwa `net use * /delete`, kisha futa kumbukumbu ya seva hiyo kwenye Credential Manager. Kosa namba 1219 ni ndugu wa tatizo hili: Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja.

Folda za wageni, zisizoomba nywila, zinastahili tahadhari ya pekee. Windows 11 toleo la 24H2 katika Pro hudai kila mawasiliano ya SMB yatiwe saini na haimruhusu tena mgeni asiyetambulika. Mgeni hana nywila ya kutengenezea saini, kwa hiyo folda iliyofunguka jana inaweza kukataa baada ya sasisho. Kuna njia za kulegeza ulinzi huo, lakini kutengeneza akaunti yenye nywila kunachukua dakika chache na hakukuachii deni.

Ruhusa

Windows ina orodha mbili, ya Sharing na ya Security, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ukimpa mtu uwezo wa kuandika kwenye ya kwanza bila ya pili, atasoma tu.

Linux ina mtego wake: mtumiaji lazima aweze kupita kila folda iliyo njiani. Tangu Ubuntu 21.04, folda za nyumbani za watumiaji wapya hutengenezwa kwa ruhusa 750, hivyo mtu mwingine hawezi kufika `/home/asha/Hati` hata kama Hati yenyewe iko wazi. Amri `namei -l /home/asha/Hati` hukuonyesha ni hatua ipi inayomzuia. Usijibu kwa `chmod 777`. Hamishia faili mahali pa pamoja:

```
sudo groupadd ofisi
sudo usermod -aG ofisi asha
sudo mkdir -p /srv/hati
sudo chgrp ofisi /srv/hati
sudo chmod 2770 /srv/hati
```

Kisha ndani ya `/etc/samba/smb.conf`:

```
[Hati]
   path = /srv/hati
   valid users = @ofisi
   read only = no
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya lirithi kundi la ofisi, la sivyo faili la mmoja halitahaririwa na mwingine. Endesha `testparm` kusaka makosa ya uandishi, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Kwenye Fedora, SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux) inaweza kuzuia hata ruhusa zikiwa sawa. Folda inahitaji lebo:

```
sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/hati(/.*)?"
sudo restorecon -Rv /srv/hati
```

Linux ikiwa ndiyo inayoomba

Sakinisha cifs-utils (zana za kuunganisha folda za SMB), tengeneza folda ya kupokelea kwa `sudo mkdir -p /mnt/hati`, kisha:

`sudo mount -t cifs //192.168.1.20/Hati /mnt/hati -o username=asha,uid=1000,gid=1000`

Usipoweka uid na gid (namba za mtumiaji na kundi lake), huenda faili zote zikawa za root, msimamizi mkuu wa Linux, na usiweze kuandika. Kosa 13 ni jina, nywila au ruhusa. Kosa 2 mara nyingi ni jina la folda lililokosewa. Kosa 112 linadai seva imezimwa, ila likitokea wakati poti 445 inajibu, shuku kwamba pande mbili hazikukubaliana toleo la SMB.

Faili moja tu likigoma

Folda ikifunguka lakini baadhi ya faili zikawa na majina ya ajabu yenye alama ~ upande wa Windows, tazama majina yake halisi kwenye Linux. Windows haikubali `\ / : * ? " < > |`, wala jina linaloishia na nukta au nafasi. Pia kwa kawaida haitofautishi Ripoti.txt na ripoti.txt, kwa hiyo usiziweke zote kwenye folda moja. Kwa Mac zinazotumia Samba, ongeza `vfs objects = catia fruit streams_xattr` chini ya `[global]`; hupunguza matatizo ya majina na ya data za ziada ambazo Mac huambatanisha na faili. Faili za .DS_Store zikiwakera wenzako wa Windows, zizuie kwenye Mac kwa amri hii, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena:

`defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool TRUE`