Somo: Kabla hujauza gari kuukuu, fungua rejeta

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15, na hata ya umri mdogo ushuru wake unakata pumzi. Basi hizi Toyota Premio za umbo la zamani ndizo tutakazozeeka nazo. Niko Busia, na injini nyingi ninazoletewa hazikuuawa na uzee. Zimechemshwa.

Hatua ya 1. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta (ile inayopoza maji ya injini). (Ikiwa ya moto usiguse, kovu langu la mkono linatosha kwa sote.) Ukiona rangi ya kutu, ulikuwa unamimina maji ya bomba. Ukiona kama chai ya maziwa, oili imeingia kwenye maji: zima, ita fundi, hata kilomita moja usiongeze.

Hatua ya 2. Mwaga yote, suuza mpaka maji yatoke safi. Jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji ya betri (siyo asidi!). Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto, mpaka mapovu yaishe.

Hatua ya 3. Kifuniko chenyewe. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hapo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukipanda Kabale, hata kabla ya hapo. Kifuniko hubana presha ili yasichemke mapema. Mpira wake ukipasuka, unapika ugali. Nunua kipya chenye namba ileile iliyoandikwa juu.

Hatua ya 4. Fundi akikwambia "toa themostati, huku kwetu joto", mkatalie. (Ndiyo vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.) Injini itachelewa kupata moto, itakula petroli, na ugonjwa wenyewe utabaki pale pale.

Mengine mnayajua: oili kila kilomita 5,000; mkanda wa taimingi kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu haujawahi.

MASWALI

Fundi, nina kulanti nyekundu, dukani ipo ya kijani tu. Niongeze?
Hapana, dada. Nyingine zikichanganywa huganda kama uji na kuziba njia. Ongeza maji ya betri kidogo, ufike nyumbani, kisha mwaga zote.

Mimi sina hela ya kulanti. Maji ya mvua je?
Ni nafuu kuliko ya kisima chenye chumvi, ila kutu hayazuii. Ni ya kukuvusha wiki, siyo mwaka.

Kaka, yangu imeshachemka, hedi (kichwa cha injini) imepinda. Ninunue injini ya mtumba?
Kwanza hedi ipimwe kwa rula ya chuma. Ikiwa imepinda kidogo, inasawazishwa kwa mashine. Ya mtumba usilipe kabla hujaisikia ikinguruma. Mimi nililipa nikiwa na haraka. Sikufika Iganga, moshi wa buluu umejaa barabara nzima, boda wananipita wamejiziba pua.