Saizi ya rimu na tairi kwa Corolla 110 na wenzake

Ukiwa na 110 au gari nyingine ya umri huo hapa Malindi, kabla hujaanza kutamani rimu za sport, fungua mlango wa dereva usome stika pale kwenye nguzo. Usifate tairi zilizopo manake mwenye gari wa kwanza labda alishabadilisha kitambo.

Tuseme stika yasema 175/70R13. 175 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 13 ni rimu kwa inchi. Sasa piga hesabu: 175 mara 0.70 ni 122.5, mara mbili kwa sababu kuna ubavu wa juu na wa chini, 245, jumlisha rimu 13 mara 25.4 ambayo ni 330, tairi nzima yasimama milimita 575. Ukitaka 14, 185/60R14 yaja 578, hapo poa. Ata 195/50R15 ni 576. Lakini mtu akikuuzia 195/65R15 eti "itaingia tu", iyo ni 634, itasugua na spidomita itakudanganya. Mi sipiti tofauti ya asilimia 3 na kimo cha tairi ya stika. Na namba ya mzigo, ile inayofuata saizi ubavuni mwa tairi, isishuke chini ya ya stika, 82 ni kilo 475 kwa tairi moja.

Kama kazi zako ziko njia za vumbi huko ndani Magarini, baki na 13 au 14 bwana, ubavu mnene ndio unaomeza mawe, ule mwembamba ukipiga shimo rimu yapinda.

Rimu yenyewe: 110 ina matundu manne, na ukipima matundu mawili yanayotazamana, katikati hadi katikati, wapata milimita 100. Kuna Nissan za 114.3, usikubali fundi alazimishe nati. Tundu la katikati ni 54.1, likiwa kubwa zaidi tafuta pete za habu, zile za kujaza nafasi inayobaki, la sivyo usukani utatetemeka ukikimbia. Nati pia zikague, za rimu ya chuma zina ncha iliyochongoka kama koni, rimu nyingi za sport za Toyota zataka za kukaa bapa.

Tairi za mitumba angalia tarehe, tarakimu nne za mwisho kwenye DOT, ile namba ya kiwanda ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Na rimu ya chuma ya huku pwani ipapase ukingo, kutu ya chumvi ikishaingia pale tairi inapokaa upepo watoka kila siku na pancha huioni.

Kabla hujalipa, funga mbili za mbele, pakia watu wanne, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, ukisikia inakwaruza rudisha.