Kumchukua Mchezaji wa Uwanja wa Nje (Outfielder) Katikati ya Msimu: Ninavyopiga Hesabu

Kila Julai, dirisha la usajili la besiboli ya Marekani likikaribia kufungwa, naulizwa swali lilelile: tunawania ubingwa, tumchukue yule mpigaji anayecheza uwanja wa nje, yaani anayelinda eneo la nyuma kabisa timu yake inapozuia? Kabla sijajibu huwa nafungua daftari.

Hatua ya 1: Andika jina la atakayekaa benchi. Wengi huanza na jina la nyota, na hapo ndipo wanapopotea. Msimu una mechi 162. Mwisho wa Julai zimebaki hamsini na kitu, kama theluthi. Mgeni anayemzidi mwenye namba kwa ushindi 3 msimu mzima atakuletea ushindi 1 tu. Mwenye namba akiwa si mbaya, hata huo 1 haufiki.

Atlanta Braves wa 2021 ndio mfano ninaoupenda. Ronald Acuña Jr., nyota wao wa uwanja wa nje, aliumia goti Julai 10, Marcell Ozuna naye hakuwepo, timu ikaenda mapumziko ya katikati ya msimu na ushindi 44 na vipigo 45. Shimo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mchezaji wa kawaida tu angelijaza. Wakaleta wanne: Joc Pederson, Adam Duvall, Jorge Soler na Eddie Rosario. Rosario alifika akiwa majeruhi. Kwa ajili yake walimtoa Pablo Sandoval, ambaye Cleveland, timu aliyotoka Rosario, walimwacha papo hapo. Oktoba, Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya National, moja ya ligi mbili za besiboli hiyo, Soler akawa mchezaji bora wa World Series, fainali kuu ya ubingwa, na kombe likaenda Atlanta.

Hatua ya 2: Tazama msimamo. Ukiwa nyuma kwa mechi 2, ushindi mmoja ni dhahabu. Ukiongoza kwa 12, tulia.

Hatua ya 3: Pima bei. Huku si kama soka. Mara nyingi unalipa kwa chipukizi wako. Angalia mkataba wa mgeni unaisha lini. Mwaka 2015 New York Mets walimchukua Yoenis Céspedes kutoka Detroit Tigers, mkataba ukiisha msimu uleule, wakamtoa chipukizi wao Michael Fulmer. Céspedes alipiga homurani 17 (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kufunga) katika mechi 57. Mwaka uliofuata Fulmer akawa chipukizi bora wa ligi ya American. Mimi ningelipa tu, maana Mets walifika World Series.

Hatua ya 4: Uliza atasimama wapi. Hii ndiyo inayosahaulika. Uwanja wa nje una sehemu tatu: kushoto, kati na kulia. Kati panataka miguu na macho. Kushoto panasamehe. Alipokuwa Detroit, Céspedes alicheza zaidi kushoto. Mets wakamweka kati. Mechi ya kwanza ya World Series, mpira wa kwanza kabisa uliorushwa na Matt Harvey wa Mets, Alcides Escobar wa Kansas City akaupiga kati na kushoto. Céspedes akaukimbilia, akaukosa, ukamgonga mguu ukaserereka, Escobar akazunguka vituo vyote. Mechi ilikwenda hadi inningi (awamu ya zamu za kupiga) ya 14, badala ya 9 za kawaida, Mets wakalala 5-4.