Jinsi ya Kufuatilia Maambukizi ya Virusi kwa Kupima Majitaka

Mtu aliyeambukizwa polio hutoa virusi kwenye kinyesi kwa majuma kadhaa, ilhali ni takriban mmoja tu kati ya 200 anayepooza. Ndiyo maana sampuli ya majitaka iliyochotwa mwezi Machi 2018 mtaani Eastleigh, Nairobi, ilionyesha virusi vya polio vya aina ya pili vilivyotokana na chanjo (virusi dhaifu vya chanjo ya matone vilivyobadilika na kupata nguvu upya), ingawa hakuna mtoto wa mtaa huo aliyekuwa ameripotiwa kupooza. Mtaro uliitangulia zahanati. Wengi wanaotaka kuanzisha kazi hii hufikiria kwanza mashine za maabara. Mimi ningeanza na ramani.

Ramani hiyo ionyeshe mabomba makuu, chemba na mitaa inayomwaga maji humo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kituo cha kuchotea sampuli za polio kinachopokea majitaka ya watu 100,000 hadi 300,000 hivi, kwa kuwa wakizidi mno virusi vya wachache humezwa na wingi wa maji. Mahali pazuri ni pale majitaka yanapoingilia kwenye mabwawa ya kusafishia, kabla hayajatibiwa, mbali na bomba la kiwanda ambalo kemikali zake huua virusi. Mji usio na mabomba hulazimika kutumia mtaro wa wazi, lakini wenye vyoo vya shimo wanaweza kukosekana kabisa katika sampuli, na katika miji yetu hao ndio wengi. Taarifa yako itaje mitaa inayowakilishwa na isiyowakilishwa, la sivyo msomaji atadhani umeupima mji mzima.

Uchotaji ufanyike asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, wakati vyoo vinatumika zaidi. Andika lebo kabla ya kuvaa glovu, kwa wino usiofutika: jina la kituo, tarehe, saa na jina la mchotaji. Ukisubiri hadi mikono ilowe, maandishi hayatasomeka. Ukiwa na buti, miwani ya kinga, barakoa na glovu, shusha ndoo kwa kamba pale maji yanapotiririka, si pembezoni yalipotuama, na usiguse tope la chini wala povu la juu. Suuza ndoo kwa majitaka yale yale, uchote tena, kisha ujaze chupa ya lita moja yenye mdomo mpana, ukiacha nafasi kidogo juu. Kaza kifuniko, ndipo ufute nje kwa maji ya klorini, ukihakikisha hata tone halipenyi ndani. Chupa iingie kwenye mfuko usiovuja, fomu iingie kwenye mfuko wake, na vyote viwekwe katika kisanduku chenye pakiti za barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 48.

Maabara huanza kwa kukusanya virusi vilivyotawanyika: kwa polio, nusu lita hupunguzwa hadi kufikia mililita 10 hivi, kisha virusi huoteshwa kwenye seli hai. Kwa virusi vya korona hutumika kipimo cha PCR, kinachotambua chembe za urithi za virusi.

Usomaji wa matokeo unahitaji subira. Jibu chanya linathibitisha kwamba kuna watu wanaotoa virusi, lakini halitaji idadi yao wala nyumba zao, na mvua kubwa inaweza kuyazimua maji hadi kiwango kionekane kimeshuka. Kwa sababu hiyo, wanaofuatilia korona hupima pia virusi vya mmea wa pilipili, ambavyo walaji huvitoa kwa wingi bila kudhurika, ili wajue ni kiasi gani cha kinyesi kilichomo.

Jibu hasi ndilo la kutiliwa shaka zaidi. Virusi vingine vya utumbo, vya jamii ya enterovirusi, havikosekani katika jamii kubwa, kwa hiyo angalau nusu ya sampuli za kituo zinatakiwa kuwa navyo. Kituo kikikaa miezi sita bila kuvionyesha, usiandike kwamba mtaa ni salama: rudi na ramani yako, kagua saa ya kuchota, ubaridi wa kisanduku na maji ya viwandani yanayoingia mtaroni kabla ya kufika kituoni, na ikibidi ukihamishe.