Kupima ufanisi wa hospitali ya umma: anzia wodini

Nafanya kazi ya rekodi katika hospitali ya umma hapa Nairobi. Anayetaka kupima ufanisi namwambia aingie wodini kwanza ahesabu vitanda. Vya kwenye ripoti na vinavyolaliwa vinaweza kutofautiana: hiki kimevunjika mguu, pale kuna godoro sakafuni.

Kisha chukua daftari la hesabu ya usiku wa manane, yaani idadi ya wagonjwa waliomo wodini kila usiku. Tuseme wodi ina vitanda 30, na hesabu za usiku za Juni zikijumlishwa ni 1,080. Gawanya kwa 900, yaani vitanda 30 mara siku 30: matumizi ya vitanda ni asilimia 120. Waliotoka, pamoja na waliofariki, ni 270. Basi kila mgonjwa alikaa wastani wa siku 4, na kila kitanda kilihudumia watu 9. Zisome tarakimu hizo tatu pamoja. Ukiishika 120 peke yake utaisifu wodi kwa kuchapa kazi, kumbe baadhi ya wagonjwa wanalala wawili wawili.

Kulinganisha hospitali nzima na nyingine kuna mbinu ya DEA (Data Envelopment Analysis), iliyoasisiwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978; hupima kila hospitali dhidi ya zile zinazotoa huduma nyingi zaidi kwa rasilimali walizonazo. Upande mmoja unaweka wahudumu, vitanda na fedha za dawa; upande wa pili waliotibiwa, waliolazwa na waliojifungua. Takwimu nyingi utazipata kwenye KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa Kenya. Ila usiipime Pumwani, hospitali ya uzazi, pamoja na Mbagathi, inayotibu magonjwa mbalimbali. Na hesabu ikionyesha wahudumu wamezidi mahali, wapelekwe kwenye foleni ndefu. Kuwapunguza ni kumwumiza mgonjwa.

Ukishapima, mfuate mgonjwa aliyeruhusiwa mpaka getini, saa mkononi. Daktari amesaini saa ngapi? Faili limefika lini kwa malipo? Dawa za kwenda nazo je? Nimeona mtu aliyeruhusiwa saa tatu asubuhi akiwa bado kitandani magharibi, faili lake limefunikwa na mengine, huku mwenzake ameketi kwenye benchi la mapokezi akingoja kitanda hicho hicho. Hilo linaniuma. Dawa yake ni karani mmoja wa kuzunguka wodini kila alasiri, aandae bili za wanaotarajiwa kutoka kesho.

Pima tena mwezi unaofuata, na uhesabu waliorudi kulazwa kwa ugonjwa ule ule. Siku za kulazwa zikipungua huku wanaorudi wakiongezeka, mnawatoa mapema mno.