Jinsi ya kulielewa neno "gift" ukiwa Uswidi, Norwei au Denmaki

Kama ndo umefika huku na Kiingereza chako unacho, hili neno litakupiga chenga mapema sana. Unajaza fomu unakuta "gift" na kiboksi cha kutiki, unarudi nyumbani unageuza chupa ya dawa ya kuzibulia sinki unakuta "giftig", na kote huko hakuna habari ya zawadi. Zawadi kwa Kiswidi ni gåva au present, Wanorwei na Wadenishi wanasema gave.

Gift ni mtu aliyeoa au kuolewa, na gift hiyohiyo ni sumu.

Kuzitofautisha angalia limekaa wapi. Är du gift? hapo unaulizwa kama una mke au mume, kama huna jibu ogift kwa Kiswidi, au ugift ukiwa Norwei na Denmaki. Sumu inakuja kama jina la kitu, ett gift kwa Kiswidi, au imeungana na neno lingine, mfano giftorm, nyoka mwenye sumu. Ila usikariri kwamba kila muungano ni sumu maana Wanorwei pete ya ndoa wanaiita giftering. Giftig lenyewe, yaani yenye sumu, halina uhusiano na ndoa hata kidogo, na kama una watoto wadogo ndani naomba sana ulijue hilo kabla ya mengine yote, lisome kwenye lebo za sabuni na dawa za usafi kisha vyote vyenye hilo neno uviweke juu wasikofika.

Matamshi: Uswidi na Norwei hiyo g inasomeka y, yaani "yift", Denmaki g inabaki g.

Sasa asili yake, na hapa ndo patamu. Mzizi ni kitenzi cha kutoa. Zamani binti alikuwa anatolewa na msimamizi wake wa kisheria, Waswidi walimwita giftoman, watu wa pwani tungesema walii tu, basi aliyetolewa akawa gift. Sumu nayo ilipitia Ujerumani, watu walikwepa kuitaja waziwazi wakasema tu "kitu alichopewa", kwa kufuata neno la Kigiriki dosis, kutoa, ambalo na sisi tunalo mpaka leo kila tukiambiwa tumalize dozi. Ukitaka likukae kichwani fikiria kuoza: baba anaoza binti na nyama inaoza, japo hayo kwetu ni maneno mawili tofauti yaliyokutana kwa sauti, la kwao ni mzizi mmoja.

Ukienda Aislandi unapumua, kule sumu ni eitur, na kwenye ndoa mwanaume ni giftur, mwanamke ni gift, kama sisi tunavyotenganisha kaoa na kaolewa.