Jinsi ya Kusimamia Mafuta ya Jenereta ya Gari-Nyumba

Jenereta iliyofungwa ndani ya gari-nyumba ni injini ya pili, nayo ina njia yake ya mafuta, chujio lake, pampu yake na tabia zake. Msafiri anayeijua njia hiyo kuanzia kwenye tangi hadi kwenye injini hatashangaa jenereta inapozimika ilhali geji bado inaonyesha robo tangi, kwa sababu katika magari mengi hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Jenereta ya petroli au ya dizeli kwa kawaida huvuta mafuta kutoka tangi lile lile linalolisha injini ya gari, lakini mrija wake ni mfupi kuliko mrija wa injini. Mafuta yakishuka chini ya ncha ya mrija huo, mara nyingi yanapokaribia robo ya tangi, jenereta huvuta hewa na kuzimika, na kiasi kinachobaki humwezesha dereva kufika kituo cha mafuta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua mrija wa jenereta yako unakomea wapi. Kitabu cha gari huenda kikaeleza. Kama hakielezi, andika mahali geji ilipokuwa siku jenereta ilipozimika kwa kukosa mafuta. Sishauri mtu aikaushe jenereta ya dizeli kwa makusudi ili apate jibu hilo, kwa kuwa hewa ikiingia katika mabomba ya dizeli huenda ikalazimu kuitoa kabla injini haijawaka tena. Kumbuka pia kwamba gari likiegeshwa kwenye mteremko, mafuta hujikusanya upande mmoja wa tangi, na jenereta inaweza kuzimika mapema kuliko ulivyozoea.

Baada ya hapo pima matumizi yako halisi, wala usitegemee makisio. Jaza tangi hadi bomba la kituo lijikate lenyewe, soma kipima saa cha jenereta, kisha uiendeshe kwa saa nne au tano ukiwa na mzigo wako wa kawaida, yaani vifaa vya umeme unavyovitumia kila siku, huku injini ya gari ikiwa imezimwa. Rudi kituo kile kile, ukipata pampu ile ile ni bora zaidi, na ujaze tena hadi mahali pale pale; ukitoa mafuta ya safari yenyewe, gawanya lita zilizobaki kwa saa za jenereta. Jenereta ya petroli ya kilowati 4 hutumia takriban lita 1.7 kwa saa ikibeba nusu ya mzigo, na huweza kupita lita 2.5 ikibebeshwa mzigo wote. Tuseme tangi lako ni la lita 200 na mrija unakomea kwenye robo: jenereta ina lita 150 za kutumia. Ukiiwasha saa tano kwa siku kwa nusu ya mzigo, utatumia lita 8.5 kila siku, na hesabu hiyo itakuambia idadi ya siku unazoweza kukaa mbali na kituo kwa usahihi ambao geji haiwezi kuufikia. Kiyoyozi ndicho kinachobadilisha hesabu hii kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo pima siku ya joto na siku ya baridi, kisha weka takwimu zote mbili katika daftari la gari.

Jambo ambalo wenye magari haya hulipuuza, na ambalo naliona kuwa ndilo linaloharibu jenereta nyingi za petroli, ni umri wa mafuta. Petroli ikikaa miezi michache hupoteza sehemu zake nyepesi zinazosaidia kuwasha injini, na mabaki yake huganda kama gundi katika vitundu vidogo vya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Petroli iliyochanganywa na ethanoli, aina ya alkoholi, ina tatizo la ziada, kwani ethanoli hunyonya unyevu. Tangi likiwa kubwa na jenereta ikitumika kwa nadra, mafuta yaliyomo katika kabureta huzeeka hata kama yale ya tangini yamejazwa juzi. Dawa yake ni kuiendesha jenereta kila mwezi, takriban saa mbili, ikiwa na mzigo wa karibu nusu ya uwezo wake. Kuiwasha dakika tano bila mzigo hakutoshi. Ukijua gari litakaa muda mrefu bila kutumika, tia dawa ya kuhifadhi mafuta katika tangi, kisha iendeshe jenereta kwa dakika 15 hadi 20 ili mafuta yenye dawa yafike hadi ndani ya kabureta.

Dizeli huvumilia muda zaidi, lakini haipatani na maji. Tangi lililokaa nusu tupu hutengeneza matone ya unyevu kwenye kuta zake, maji hayo hutua chini, na mahali maji yanapokutana na dizeli vijidudu huota na kuziba chujio. Ni afadhali gari liegeshwe likiwa na tangi lililojaa, na kitenganisha maji kimwagwe kwa ratiba. Kwenye baridi kali nta iliyomo katika dizeli huganda, hivyo nunua dizeli ya majira ya baridi kabla ya kufika huko, na uiendeshe jenereta mpaka dizeli hiyo iingie katika mabomba yake pia.

Wenye jenereta ya gesi ya mtungi, yaani propani au butani, hawana shida ya mafuta kuzeeka, ila wana hesabu tofauti. Lita moja ya propani hubeba takriban robo tatu ya nishati iliyomo katika lita ya petroli, na mtungi hujazwa hadi asilimia 80 tu ili gesi ipate nafasi ya kutanuka. Butani haigeuki kuwa mvuke vizuri joto likikaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo penye baridi tumia propani. Zaidi ya hayo, kumbuka kwamba jiko, friji na kipasha joto vinakula kutoka mtungi ule ule.

Jenereta ikikataa kuwaka ilhali mafuta yapo, anza na mambo mepesi. Sikiliza kama pampu ya umeme inagonga. Betri dhaifu huifanya pampu kuwa dhaifu vilevile. Baadhi ya jenereta huanza kuvuta mafuta ukishikilia swichi upande wa kuzima kwa sekunde kadhaa, jambo linalookoa betri baada ya kubadilisha chujio. Kagua mabomba yote ya mpira yanayopitisha mafuta, hasa karibu na vibanio, na usikubali hata ufa mdogo. Ukisikia harufu ya mafuta ndani ya gari, usiwashe chochote hadi umepata chanzo chake.

Unapojaza mafuta, zima jenereta, jiko na kila mwali wa moto, pamoja na friji inayotumia gesi. Dumu la akiba lisikae kamwe ndani ya sehemu ya kulala wala katika sanduku lenye betri, na unapolijaza kituoni liweke chini ardhini, kwa sababu likiwa juu ya zulia au plastiki linaweza kukusanya umeme tuli. Kabla ya kuwasha tena, hakikisha bomba la moshi halielekei dirisha lililo wazi, lako au la jirani, na kwamba kengele ya kaboni monoksidi inafanya kazi, kwani gesi hiyo haina rangi wala harufu. Wakati wa kulala ukifika, jenereta izimwe, hata kama mafuta bado ni mengi.